Kucheza karata kila jioni: Je, mchezaji hufaidi nini?

JUA linapolegea mjini Malindi na upepo wa bahari kuanza kuingia vichochoroni, mabaraza ya Shela, Barani na Maweni hujaa watu. Muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, mkeka hutandikwa, na karata zilizochakaa pembe kwa kushikwashikwa hutolewa mfukoni. Hali ni hiyo hiyo Mambrui, Takaungu na Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi.

Wachezaji hawa hawakutani mara moja kwa mwezi. Hukutana karibu kila jioni, na katika vikundi vingi kila anayeketi hutoa kitu: bei ya kahawa, soda kwa walioshinda, au shilingi 20 ama 50 za kuwekwa katikati. Ndipo linapozuka swali ambalo wake, wazazi na hata wachezaji wenyewe wamelirudia miaka nenda miaka rudi. Je, mchezo wa kila siku una faida yoyote, au ni kupoteza muda na pesa?

Wengi hulijibu kwa moyo. Apendaye karata husema faida ipo tele, naye asiyezipenda husema hakuna hata chembe. Makala haya yatalijibu kwa hesabu kwanza, kwa sababu hesabu hiyo si ngumu na ni wachache mno waliowahi kuifanya. Yale yasiyohesabika yatafuata.

Kabla ya hesabu, tuutazame mchezo wenyewe. Majina ya karata katika Kiswahili yanaeleza zilikotoka. Neno karata lenyewe ni la Kireno, sawa na kopa, uru, shupaza na pau, majina ya aina nne za karata. Turufu nayo ni neno la Wareno, watu ambao Vasco da Gama aliwatangulia kutia nanga Malindi mnamo Aprili 1498 na ambao nguzo yao ingali imesimama ufuoni. (Sisi wa chumba cha habari tunalitumia neno turufu kila msimu wa uchaguzi, na sidhani kwamba nusu ya wanasiasa tunaowaandika wangeitambua wakiwekewa mkekani.)

Mchezo unaoheshimiwa zaidi na wazee katika sehemu nyingi za mwambao na visiwani ni wahedi wa sitini. Jina hilo ni la Kiarabu na maana yake ni sitini na moja. Karata za nane, tisa na kumi huondolewa. Ree huhesabiwa alama 11 na saba, au seti, alama 10. Kisha wanafuata wale ambao wazee waliwaita wazungu: mzungu wa nne, ambaye ni mfalme, mzungu wa tatu, ambaye ni ghulamu, na mzungu wa pili, ambaye ni bibi. Idadi katika majina yao ndiyo idadi ya alama zao.

Ukijumlisha, kila aina ina alama 30, na aina nne zina alama 120. Nusu yake ni 60. Basi afikishaye 61 ameshinda, na hapo ndipo mchezo ulipopata jina lake.

Watu wanne hucheza wawili kwa wawili, washirika wakiketi wakitazamana. Karata zenye alama ni 20 tu katika mchezo mzima. Mchezaji hodari huzikumbuka zote: zipi zimekwisha kuliwa, zipi zimebaki, na nani aelekea kuzishika. Asiye hodari hutazama mkono wake tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowatenga mabingwa na wacheza kwa kupitisha wakati.

Hata hivyo, bingwa hana uwezo juu ya karata anazogawiwa. Ree ya turufu ikimwangukia mpinzani, hakuna kumbukumbu itakayoirudisha. Mchezo huu basi ni mchanganyiko wa ujuzi na bahati, na mchanganyiko huo ndio unaowapumbaza watu wengi wanapojaribu kujua kama wanafaidi au wanapata hasara.

Hesabu ya jioni 100

Tuchukue mfano. Wachezaji wanne wanaweka shilingi 50 kila mmoja, jumla 200. Wawili walioshinda wanagawana, kila mmoja 100. Kwa hiyo anayeshinda hutoka na faida ya shilingi 50, naye anayeshindwa hupoteza 50. Wanafanya hivyo mara moja kila jioni, kwa jioni 100, yaani muda wa zaidi ya miezi mitatu.

Ikiwa wote wana uwezo sawa, matarajio ni kwamba kila mmoja atabaki alipoanza, kwani hakuna pesa zilizoongezwa kutoka nje. Lakini bahati haigawi sawasawa. Kanuni za hesabu za bahati nasibu zinaonyesha kwamba katika jioni 100 za namna hiyo, ni jambo la kawaida mtu kujikuta amepata ziada ya shilingi 500 au amepungukiwa shilingi 500, bila ya kuwa bora wala dhaifu kuliko wenzake. Karibu mtu mmoja kati ya watatu atavuka hata mipaka hiyo, upande huu au ule.

Sasa tumtazame mchezaji aliye bora kidogo, anayeshinda jioni 55 kati ya 100. Huyo ni mtu wa kuogopwa barazani. Faida yake baada ya jioni 100 ni tofauti ya ushindi 55 na vipigo 45, yaani jioni kumi, mara shilingi 50. Anapata shilingi 500.

Msomaji ameona tatizo. Shilingi 500 za bingwa ni sawa kabisa na shilingi 500 ambazo bahati peke yake inaweza kumpa mtu yeyote. Kwa muda wa miezi mitatu na ushei, huwezi kusema nani ni hodari na nani ana nyota njema. Ili ujuzi wa namna hiyo ujitenge na bahati kwa kiasi cha kuaminika, inatakikana michezo ipatayo 400. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja wa kucheza kila siku bila kukosa.

Ndiyo sababu kila baraza lina watu watatu au wanne wanaojiita mabingwa, na kila mmoja ana ushahidi.

Hapo hatujahesabu kahawa. Tuseme kila jioni mchezaji hunywa vikombe viwili na kulipa shilingi 20 kwa jumla. Kwa jioni 100 hizo ni shilingi 2,000. Yule bingwa wetu aliyepata faida ya shilingi 500 amerudi nyumbani na upungufu wa shilingi 1,500. Ili mtu afidie kahawa yake kwa ushindi, itambidi ashinde jioni 70 kati ya kila 100. Katika mchezo wenye bahati ndani yake, na dhidi ya watu wanaomjua kama wanavyojua njia ya msikitini, kiwango hicho ni cha nadra mno.

Katika baadhi ya sehemu huzuka pia mwenye mahali. Huyu hutoa taa, meza na karata mpya, naye hudai chake kutoka kwa walioshinda. Tuseme anachukua shilingi 10 katika kila 100 anazopokea mshindi. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini sasa ushindi unaleta shilingi 40 na kushindwa kungali kunagharimu 50. Mchezaji atahitaji kushinda karibu jioni 56 kati ya 100 ili tu asipoteze. Yule wa 55, tuliyesema ni wa kuogopwa, ameingia upande wa hasara, ingawa kwa shilingi 50 tu.

Anayepata kwa uhakika ni mmoja, naye hakushika hata karata moja.

Swali lilo hilo ughaibuni

Inafaa kueleza kwamba wenzetu wa Marekani, Ulaya na Japan wanaumizwa kichwa na swali lilo hilo, kuhusu karata za namna nyingine. Hizi ni karata za kukusanya na kubadilishana. Mchezo ulioanzisha mtindo huo ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Karata hizo huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui ndani mna nini. Nyingine ni za thamani kubwa, nyingi hazina thamani.

Miongoni mwa njia za kuzicheza ni ile tunayoweza kuiita uteuzi wa zamu. Aghalabu watu wanane huzunguka meza, kila mmoja na pakiti tatu ambazo kila moja ina karata zipatazo 15. Kila mtu hufungua pakiti ya kwanza, huchagua karata moja, kisha humpa jirani wa kushoto zilizobaki. Huendelea hivyo hadi zinakwisha. Pakiti ya pili huzungushwa kulia, ya tatu kushoto tena. Mwishoni kila mmoja hutumia alizoteua kuunda rundo lake la karata zisizopungua 40, akijazia na karata za kawaida zinazotolewa bure, ndipo wanaposhindana.

Uzuri wa mtindo huu ni kwamba hakuna anayekuja na karata za nyumbani alizonunua kwa utajiri. Wote huanza sawa. Aidha, mchezaji mwerevu husoma karata anazopitishiwa. Akiona zile nzuri za rangi fulani zinaendelea kumfikia, hutambua kwamba jirani yake hazitaki, naye huifuata rangi hiyo. Mzee wa Takaungu anayetazama mshirika wake ametupa karata gani katika wahedi wa sitini angelielewa jambo hili bila ya kuelezwa mara mbili.

Lakini kila uteuzi wa zamu una kiingilio, nacho hulipia pakiti tatu na mara nyingi zawadi pamoja na chumo la mwenye duka. Je, inalipa kushiriki kila wiki? Hesabu ni ile ile. Katika mashindano ya watu wanane ya kutoana kwa raundi tatu, mchezaji wa kawaida huibuka mshindi mara moja katika kila nane. Aliye bora sana, ambaye hushinda mechi sita kati ya kila kumi, huibuka mshindi zaidi kidogo ya mara moja katika kila tano. Mara nne kati ya tano huyo hodari huondoka bila taji.

Mchezaji hubaki na karata alizoteua, jambo ambalo mchezaji wa barazani hana. Hata hivyo, kwa kawaida thamani ya karata zinazopatikana ndani ya pakiti, ukizipiga bei moja moja, haifikii bei ya pakiti yenyewe. Lau ingefikia, wenye maduka wangezifungua wao.

Kwa hiyo ughaibuni na Malindi jibu la pesa ni moja. Mchezaji wa mara kwa mara analipa. Kinachobaki kuulizwa ni kama anachokilipia kinastahili bei hiyo, na hapo michezo inatofautiana sana.

Mchezo upi unafundisha

Vijana wengi wa Kilifi na Malindi leo hawachezi wahedi wa sitini. Huucheza ule uitwao poka au kadi, ambao mtu hutupa karata inayolingana na iliyo juu, na anapokaribia kumaliza hutangaza kwamba yuko kadi. Ni mchezo mchangamfu, na unafaa kwa kupitisha saa moja ukisubiri matatu kujaa. Lakini yapo mengi ndani yake yanayoamuliwa na karata uliyookota, na aliyeucheza kwa miaka kumi hamwachi mbali sana aliyeucheza kwa mwaka mmoja.

Bao liko upande wa pili. Mashimo ni 32, kete ni 64, na zote ziko wazi mbele ya macho. Hakuna kinachofichwa wala kinachookotwa. Anayeshindwa hana wa kumlaumu. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu ya chuo kikuu mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichunguza uwezo wao wa kukumbuka na kukokotoa hatua zijazo kichwani. Watu hao hawakupata uwezo huo darasani. Waliupata kwa kucheza mara kwa mara na wenye kuwazidi, huku watazamaji wakibisha na kusahihisha.

Drafti ni hivyo hivyo, iwe imechorwa kwenye ubao au kwenye kipande cha boksi na kuchezwa kwa vifuniko vya soda. Dhumna iko katikati, jirani wa wahedi wa sitini.

Tofauti hii ni muhimu kwa anayetaka kujua kama jioni zake zina faida. Katika mchezo ambao ujuzi hujilimbikiza, jioni ya mia moja si sawa na jioni ya kwanza. Mchezaji amekuwa mtu mwingine: anakumbuka zaidi, anasubiri, anamsoma mwenzake. Katika mchezo wa bahati tupu, jioni ya mia moja ni nakala ya ile ya kwanza.

Na hata katika mchezo wa ujuzi, kurudia peke yake hakutoshi. Wapo wazee waliocheza wahedi wa sitini kwa miaka 30 na wangali wanatoa ree mapema bila ya kuhesabu turufu zilizotoka. Wamecheza mwaka mmoja mara 30. Wanaosonga mbele ni wale ambao mchezo ukiisha huulizana: kwa nini ulitoa seti pale? Ungengoja mzungu wa nne atoke kwanza ingekuwaje? Mabishano haya, ambayo mpita njia hudhani ni ugomvi, ndiyo shule yenyewe.

Jambo hili linafaa kukumbukwa tunapogeukia mchezo ambao siku hizi umevuta pesa nyingi zaidi kuliko karata zote za mwambao. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipozinduliwa nchini mwaka 2007, na hasa katika mwongo uliofuata, kubashiri matokeo ya soka kumeingia katika kila kijiji. Kijana aketiye barazani Watamu au Gongoni hana haja ya mkeka wala wenzake watatu. Kinachomfanya aamini kwamba anafanya kazi ya akili ni kwamba anaijua soka. Anawajua wachezaji, majeraha yao na ratiba yao.

Tumfanyie hesabu naye. Tuseme anabashiri mechi tano kwa mkupuo, kila moja ikiahidi kulipa mara mbili ya dau. Akizipata zote, atalipwa mara 32. Lakini kampuni haikupanga malipo hayo kwa kubahatisha. Tuseme uwezekano halisi wa kila mechi ni 47 kati ya 100 badala ya 50. Tofauti hiyo ya tatu haionekani kwa macho. Katika mechi moja, kila shilingi 100 anazoweka zinarudisha wastani wa shilingi 94. Katika mechi tano zilizofungwa pamoja, zinarudisha wastani wa shilingi 73 hivi. Kadiri anavyoongeza mechi ili ndoto iwe kubwa, ndivyo anavyoongeza chumo la mwenye kampuni.

Ukilinganisha na yule mwenye mahali wa barazani anayedai shilingi 10 kutoka kwa mshindi, utamwona huyo wa barazani ni mtu mwenye huruma.

Isitoshe, barazani pesa za anayeshindwa huingia mfukoni mwa jirani, ambaye kesho huenda akamkopesha unga. Pesa za simu haziko tena Gongoni.

Serikali imelishughulikia suala hili kwa kuvutavuta. Mnamo Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa kubwa za kubashiri, nazo kodi za sekta hiyo zimepandishwa na kushushwa mara nyingi tangu wakati huo. Sheria ya kamari ya mwaka 1966, iliyoandikwa simu za mkononi zikiwa hazijaotwa, ilipata mrithi mwaka 2025, Sheria ya Udhibiti wa Kamari. Kwa mkaazi wa kawaida jambo la kujua ni moja: anayeendesha kamari kwa ajili ya faida lazima awe na leseni, na shilingi 50 za mkekani hazipati kinga kwa sababu tu ni kidogo.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa ya kale ya Malindi, Mambrui na Takaungu, pesa zikishawekwa katikati mjadala huwa umekwisha. Kamari imekatazwa katika Qurani, Sura ya Al-Maida. Kuhusu karata zisizo na dau wanazuoni wanatofautiana, na wengi wanaozikemea hutaja wakati unaopotea, hasa sala inapopita watu wangali wanagawa karata.

Bei ya saa

Wakati huo ndio gharama kubwa kuliko zote, nayo haiwi sawa kwa kila mtu.

Mvuvi wa Malindi au Ngomeni ana miezi ya kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo kubaki ufuoni. Saa zake za jioni katika miezi hiyo hazina mnunuzi. Akishakarabati nyavu, hakuna anachokosa kwa kukaa barazani. Kaskazi ikirejea, atapunguza mwenyewe bila ya kuambiwa, kwa sababu alfajiri anatakiwa majini.

Dereva wa tuktuk mjini Malindi ni kinyume chake. Saa za jioni ndizo saa za abiria: watu wanatoka sokoni, wafanyakazi wa hoteli wanabadilishana zamu, watalii wanatafuta chakula. Akiketi kwa saa mbili kucheza kwa dau la shilingi 50, dau hilo si gharama yake hata kidogo. Gharama yake ni abiria waliopanda tuktuk za wengine. Kwake yeye karata isiyo na dau lolote inaweza kuwa ghali kuliko jioni nzima ya mvuvi aliyeshindwa mara tatu.

Mwanafunzi wa kidato cha nne naye ana bei yake. Mstaafu ana yake, na pengine kwake baraza linalipa zaidi kuliko yeyote. Anakutana na watu, anatumia akili, na asipoonekana kwa siku mbili kuna anayebisha hodi kuuliza hali yake. Faida hiyo sijui itaandikwa katika safu gani ya daftari, lakini aliyewahi kumuuguza mzazi mpweke anajua thamani yake.

Kuhusu daftari, lipo jambo moja ambalo wachezaji wengi hukataa kulifanya, nalo ni kuandika. Kijidaftari cha shule kinatosha: tarehe, pesa nilizotoka nazo nyumbani, nilizorudi nazo, saa niliyoketi na niliyoinuka. Sababu ya kukataa inaeleweka. Kumbukumbu ya binadamu huhifadhi usiku alioshinda mara tano mfululizo na kufuta wiki mbili za vipigo vidogo vidogo. Akishaandika kwa miezi mitatu ataujua ukweli kuhusu pesa na saa zake, ingawa, kama tulivyoona, bado hatajua kama yeye ni bingwa.

Wapo wanaochukua njia nyingine, ya kubadilisha kinachofanyiwa na pesa badala ya kuziondoa kabisa. Kila mmoja hutoa shilingi 20 mwanzoni, ashinde asishinde, na jumla hununua kahawa na kashata za wote. Mshindi hapati kitu ila maneno ya kumtania aliyeshindwa. Kwa hesabu, kila mtu amepoteza shilingi 20 tu na kwa malipo hayo amekunywa kahawa. Hakuna aliyeingia katika deni, na hakuna haja ya kucheza mchezo mmoja zaidi ili kurudisha kilichopotea. Mchezo huo mmoja zaidi ndio uliowaponza wengi.

Vikundi vya dau vina ugonjwa mwingine ambao haujitokezi hadi baada ya miezi kadhaa. Watu wanne wakicheza wao kwa wao kila jioni, pesa huhama polepole kutoka kwa aliye dhaifu kwenda kwa wengine. Huyo hatimaye huchoka, husingizia kazi au mgonjwa, akaacha kuja. Sasa aliyekuwa wa tatu ndiye dhaifu kuliko wote, na zamu ya kulipa imemfikia. Naye ataondoka. Kwa mwendo huo baraza la dau hujila lenyewe, na hodari wa mwisho hubaki na karata mkononi bila ya wa kucheza naye.

Baadhi ya wazee hulizuia hilo kwa kutoruhusu washirika wawe wale wale. Kila jioni, kabla ya kugawa, karata hukatwa: wawili wenye karata za juu huketi wakitazamana, na wawili wenye za chini vilevile. Hodari huenda akaangukiwa na mgeni asiyejua hata turufu ni ipi, na jioni hiyo kazi yake huwa ni kumfundisha, tena kwa macho tu, kwani kusema ni mwiko.